Bekoni Isiyo na Nguruwe

(Hotuba iliyotolewa na mhitimu wa mwaka 1998 katika bwalo la chakula, siku ya mkutano wa wahitimu)



Katibu aliponiandikia barua akinitaka niseme maneno machache siku ya leo, alinipendekezea somo hili: "Mtumishi wa Umma na Maendeleo ya Taifa." Nilimshukuru, nikamjibu kwamba somo hilo limekwisha kusemwa humu bwaloni na watu wenye vyeo kunipita, na kwamba mara moja liliposemwa, nami niko Kidato cha Pili, nililala usingizi mpaka kiranja akaniamsha kwa kiwiko. Nikaomba ruhusa nizungumzie kazi ninayoifanya kwa mikono yangu siku za Jumamosi. Kazi yenyewe ni kutengeneza bekoni kwa uyoga.

Nasikia mnacheka huko nyuma. Chekeni, lakini msiondoke. Zile trei zilizofunikwa vitambaa pale mezani ndizo ushahidi wangu, na hazitafunuliwa mpaka nimalize.

Kwa wale ambao hawajapata kuiona, bekoni ni nyama ya nguruwe, aghalabu ya tumboni, iliyolazwa katika chumvi kwa siku kadhaa, mara nyingi pamoja na sukari na chumvi ya nitriti, kisha ikakaushwa kwa moshi, ikakatwa vipande vyembamba na kukaangwa mpaka mafuta yake yatoke. Waingereza huila asubuhi kwa mayai. Si kitu kile kile vijana wa mjini wanachokiita kitimoto, kwani kitimoto ni nyama mbichi iliyochomwa au kukaangwa siku hiyo hiyo. Bekoni ni nyama iliyohifadhiwa. Chumvi hufyonza maji, moshi huzuia wadudu wa uozo, na ile nitriti huipa rangi yake nyekundu.

Shule hii ilikuwa na banda la nguruwe. Wenzangu wa miaka ya 1990 wanalikumbuka, nyuma ya jiko, karibu na shimo la taka. Kila mwaka siku ya mahafali walichinjwa nguruwe wawili, na mpishi mkuu wa wakati ule, mzee hodari sana, alizichukua nyama za tumboni akazipaka chumvi ya mawe na kuzitundika juu ya moshi wa jiko. Hakuiita bekoni. Aliiita "akiba". Wanafunzi Waislamu walikuwa na sufuria yao, upawa wao, na meza yao pale karibu na dirisha. Utaratibu huo ulikuwapo kabla yetu na uliheshimiwa.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia Katibu kwamba nitalisema.

Mwezi Novemba mwaka 1997, mvua za El Nino zilipokwisha kuanza, barabara ya huku kwetu ilikatika, na lori la chakula likakwama siku nne. Tulikula maharage na ugali, kisha maharage na ugali kidogo, kisha maharage matupu. Sisi wanne wa chumba kimoja cha bweni tulikuwa na maharage yetu wenyewe tuliyoyanunua kijijini, na jiko la mkaa lililofichwa chini ya kitanda, kinyume cha sheria. Mmoja wetu aliiba kipande cha akiba jikoni, kipande chenye mafuta, kadiri ya kiganja. Tukakipika ndani ya maharage mpaka kikayeyuka, mpaka hapakuwa na kitu cha kuonekana. Harufu yake, ndugu zangu, ninaikumbuka hata leo.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mwislamu. Tulikuwa tumekaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Yeye alinifundisha aljebra, mimi nikamsaidia insha. Aliporudi kutoka maktaba mmoja wetu akamwambia, "Karibu, ndugu, kula, leo maharage yametoka vizuri." Akanawa, akasema bismillahi, akala. Akasifu. Akauliza tumetia kiungo gani. Hapo wakaanza kucheka, na mmoja akamwambia.

Hakugombana. Alitoka nje kwenye mvua, akajitapisha, akasukutua kinywa kwenye bomba la nje kwa muda mrefu sana, akarudi, akakunja godoro lake. Asubuhi alikuwa amehamia bweni jingine. Dawati hatukukaa tena pamoja, wala hakumripoti mtu yeyote.

Mimi sikuiba ile nyama, wala si mimi niliyemkaribisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikikoroga. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba kukoroga si kosa. Nimefanya kazi serikalini miaka ishirini na zaidi, nami nawaambia kwamba maneno ya namna hiyo nimeyasikia katika vikao vingi.

Tuyaache hapo kwa sasa, nitayarudia.

Baada ya hapa nilisoma kemia Chuo Kikuu, kisha Serikali, kwa hekima yake, ikaniweka kwenye meza ya bajeti. Mtu wa meza hukaa, na mtu anayekaa hunenepa. Katika safari za kikazi hotelini nilizoea kifungua kinywa cha mayai, soseji na bekoni, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kulipiwa. Mwaka 2019 daktari alinipima shinikizo la damu, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaniuliza ninakula nini asubuhi. Nilipomjibu aliniambia niache nyama za kusindika na nipunguze chumvi.

Mimi ni mtu wa karatasi, kwa hiyo nikatafuta karatasi. Nikakuta kwamba mwezi Oktoba mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa nyama za kusindika, bekoni ikiwamo, husababisha saratani ya utumbo mpana. Walikadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari hiyo kwa asilimia 18. Tafadhalini msinielewe vibaya. Hii si kusema kwamba watu 18 katika kila 100 watakufa. Ni kwamba hatari aliyokuwa nayo mtu tangu mwanzo inaongezeka kwa kiasi hicho, na hatari ya mwanzo si kubwa. Hata hivyo, anayekula kila asubuhi kwa sababu tu Serikali imelipa hana budi kufikiri.

Nikaacha. Soseji sikuikumbuka hata siku moja, bali bekoni niliiota usiku.

Ndipo siku moja nikaenda nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa bado hai wakati ule. Juu ya mafiga yake palikuwa na uchaga, na juu ya uchaga palikuwa na uyoga wa kichuguu aliouokota wakati wa mvua na kuukausha kwa moshi, mweusi, mgumu kama ngozi ya kiatu. Aliuloweka, akaukaanga kwa mafuta ya alizeti na chumvi. Nilipotia mdomoni nilinyamaza. Ladha ilikuwa ile ile ya akiba ya yule mpishi wetu. Nilikuwa nimeila tangu utotoni nami sikuijua, maana wakati ule sikuwa na kitu cha kuilinganisha nacho.

Tangu hapo Jumamosi zangu zikapotea.

Ninyi wanafunzi wa kemia nisikilizeni vizuri kidogo. Ladha ya bekoni si ladha ya nguruwe peke yake. Ni chumvi, moshi, utamu kidogo, mafuta, ile rangi ya kahawia inayotokea katika kikaango, na ladha moja zaidi ambayo Kiswahili hakijaipa jina lililozoeleka. Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliichambua supu ya mwani akatoa humo glutamati, akasema hii ni ladha ya tano, akaiita umami. Ni ile ladha inayokufanya ulambe sufuria ya mchuzi. Mwaka 1957 Mjapani mwingine, Akira Kuninaka, alionyesha kuwa kitu kiitwacho guanilati, kinachopatikana kwa wingi katika uyoga wa shiitake uliokaushwa, hutoa ladha hiyo hiyo, na kwamba viwili hivi vikikutana kimoja humkuza mwenzake kupita hesabu ya kujumlisha. Glutamati imo katika nyama na imo katika uyoga pia. Basi ndiyo sababu bibi yangu alinipata.

Kuna na jambo la kutafuna. Kuta za seli za mboga hulainika kwa moto, ndiyo maana mchicha uliopikwa sana huwa uji. Kuta za uyoga zina kaitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la kamba na la mende, nacho hakilainiki upesi. Uyoga unaweza kuupika dakika kumi au arobaini, bado una kitu cha kushika jino.

Shida yake ni maji. Katika kila kilo ya uyoga mbichi, kama gramu 900 ni maji. Na maji ndiyo yaliyonishinda mara ya kwanza. Nilikata uyoga, nikautupa katika mafuta ya moto kama mtu anayekaanga bekoni ya kweli, ukatoa maji, ukajichemsha wenyewe, na nilichotoa kilikuwa na sura na ladha ya kitambaa cha kupigia deki. Ile rangi ya kahawia na harufu yake hutokana na protini na sukari zinapokutana katika joto kali, kama nyuzi 140 na zaidi. Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912. Lakini kitu chenye maji hakipiti joto la maji yanayochemka, na hapa kwetu milimani maji huchemka hata kabla ya nyuzi 100. Maadamu maji yamo, kahawia haiji. Ni lazima maji yatoke kwanza.

Mara ya pili maji nilikuwa nimeyaweza, nikaharibu moshi. Nilitumia vipande vya msonobari kwa kuwa vilikuwapo uani, mabaki ya fundi seremala. Msonobari una utomvu, na moshi wake ni masizi. Mke wangu alionja kipande kimoja, akakitema, akasema nimemlisha dawa ya kupaka milango. Hakika hakukosea. Kikaango kile kililala nje siku mbili.

Basi sasa nawapa njia iliyofaulu. Shikeni kalamu.

Chukua nusu kilo ya uyoga wa kufugwa, ule uitwao mamama, ambao kofia yake ni kama sikio. Usiuoshe kwa kuuloweka, upanguse tu. Uchane kwa mikono, kufuata nyuzi zake, kuanzia kofia hadi shinani, vipande vya upana wa kidole. Kisu huzikata nyuzi, mkono huzifuata. Ukibahatika kupata ule mnene wa nchi za Mediterania, ambao shina lake ni nene kama mkono wa mtoto, huo ukate kwa kisu vipande virefu vya milimita tatu hivi.

Utandaze uyoga juani katika ungo, chini ya chandarua, saa tatu au nne, mpaka unyauke na kuwa kama ngozi laini. Jua lina faida nyingine: uyoga una kitu ambacho mwanga wa jua hukigeuza kuwa vitamini D. Wakati wa masika, tumia sufuria pana isiyo na mafuta, moto mdogo, bila kufunika, mpaka maji yatoke na kukauka.

Halafu changanya vijiko viwili vya chakula vya soya sosi, kijiko kimoja cha chai cha asali au sukari, kijiko kimoja cha chai cha siki, kitunguu saumu punje moja iliyotwangwa, pilipili manga, na mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula. Mafuta usiyaogope wala usiyaondoe. Bekoni hujikaanga kwa mafuta yake yenyewe, uyoga hauna. Usiongeze chumvi, soya sosi ni chumvi tosha. Changanya na uyoga, acha nusu saa.

Moshi sasa. Tumia magunzi ya mahindi, makavu kabisa. Watu wa Vermont, Marekani, walikuwa wakikausha bekoni ya kweli kwa magunzi, na sisi tunayatupa. Weka mkaa uliokwisha kushika vizuri katika debe lililotobolewa, juu yake magunzi yaliyovunjwavunjwa, na juu kabisa wavu wenye uyoga, ufunike. Moshi uwe mwembamba na mweupe. Ukiwa mzito wa manjano, moto umekosa hewa, fungua kidogo. Dakika thelathini zatosha. Kuni za mpera au mwembe nazo ni nzuri.

Mwisho, kaanga vipande vichache vichache, visibanane, kwa moto wa wastani, mpaka kingo zikauke na kugeuka kahawia iliyoiva. Ukiwa na jiko la kuoka, nyuzi 150, dakika kama ishirini na tano, ugeuze mara moja. Vile vile waweza kutumia sufuria yenye mkaa juu ya mfuniko, kama mama zetu wanavyooka mikate. Vikitoka huonekana laini. Viache vipoe, ndipo vinapokuwa vikavu. Nusu kilo itakupa sahani moja ndogo, nanyi mtagombana.

Nina maonyo mawili, na hapa sifanyi mzaha.

Kwanza, hii si nyama kwa hesabu ya lishe. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini kama gramu 3. Nyama ya nguruwe isiyo na mafuta ina kama 20. Msimamizi wa bwalo asije akasikia hotuba hii akafuta siku ya nyama katika ratiba. Uyoga uliwe pamoja na maharage, ambayo protini yake ni nyingi. Tena, mwenye shinikizo la damu kama mimi apunguze soya sosi ibaki kijiko kimoja. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, nayo soya sosi hujaza kipimo hicho upesi kuliko unavyodhani.

Pili, msiokote uyoga porini. Bibi yangu aliokota, na mama yake aliokota, lakini wao waliujua kama ninyi mnavyojua sura za walimu wenu. Kuna uyoga wenye sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa, wala kwa kukaushwa. Mtu hula jioni, hulala vizuri, huanza kutapika na kuhara baada ya saa sita au kumi na mbili, kisha hupata nafuu ya uongo, akadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Msidanganyike na maneno kwamba ukiliwa na wadudu ni salama, au kwamba kitunguu kikigeuka rangi ndiyo dalili. Hayo hayana msingi. Wataalamu Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi waliandika kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania mwaka 2003, unaoliwa na unaoua, na hata mwenye kitabu hicho mkononi asile kwa kutazama picha.

Nimesema nitarudi kwenye sufuria ya maharage.

Mwaka 2023 tulikutana katika maziko ya mwalimu wetu wa kemia. Jirani yangu wa zamani alikuwapo. Ana duka la vifaa vya ujenzi Makambako, ana ndevu zenye mvi, na bado hupiga hesabu kichwani kabla ya mashine. Tulisalimiana kama watu wazima. Baada ya maziko tulikaa kwenye kivuli, nami nikamwambia kwamba usiku ule mimi ndiye nilikuwa nakoroga.

Akasema, "Najua. Nilikuona na mwiko."

Alikuwa anajua kwa miaka ishirini na sita. Nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kuwa kile kipande cha nyama alikwisha kuuliza wenye elimu, wakamwambia aliyelishwa bila kujua hana dhambi, kwa hiyo hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua, alisema, ni kwamba alikuwa amesifu mapishi. Na kwamba tangu siku hiyo, mtu akimkaribisha chakula nje ya nyumba yake, lazima aulize maswali matatu ndipo ale, na watu humwona ana maringo.

Sikuwa na jibu. Nikamweleza habari ya uyoga, pengine kwa kutafuta tu cha kusema. Akanitazama kwa mashaka makubwa, na ninyi mngemlaumu? Mtu aliyekulisha nguruwe kwa siri anakuja baada ya robo karne kukuambia ana kitu chenye ladha ya nguruwe lakini si nguruwe.

Mwezi uliofuata nilimpelekea kopo. Hakulifungua. Aliniuliza maswali matatu. La kwanza, kikaango kilichotumika kimepata kupikia nini? Nikakiri kuwa kilipata kupikia bekoni ya kweli kabla ya mwaka 2019. La pili, mafuta gani? Alizeti, chupa mpya. La tatu, hiyo soya sosi imetengenezwaje? Hapo nilishtuka, kwa sababu soya sosi ya kuchachushwa huwa na kileo kidogo kinachotokana na uchachu wenyewe, nami mwanakemia sikuwahi kukifikiria. Akasema wako wanazuoni wanaoruhusu na wako wanaokataa, na yeye kwa nafsi yake hupenda kukaa mbali na palipo na shaka. Akanirudishia kopo langu kwa adabu, akaniletea soda.

Nikarudi nyumbani nikaanza upya. Nilinunua kikaango kipya na wavu mpya. Mahali pa soya sosi nikatia chumvi kidogo, maji ya nyanya iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, kwani nyanya nayo ina glutamati, pamoja na unga wa uyoga uliokaushwa. Mahali pa siki nikatia ndimu. Nami nakiri mbele yenu kwamba imetoka bora kuliko ya kwanza. Nilimpelekea tena, na safari hii pamoja na risiti ya kikaango. Aliisoma risiti yote, hata tarehe. Kisha akala kipande kimoja, akatafuna polepole sana, akala cha pili.

Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo tunabishana nalo. "Kwa nini mnaliita kwa jina la nguruwe jambo ambalo halina nguruwe? Mmetoa mnyama, mmebakiza jina lake. Nani amewaambia kwamba uyoga unahitaji heshima ya nguruwe ndipo uliwe?" Mimi namjibu kwamba jina humwambia mlaji atarajie nini, na kwamba hata Wamarekani wa New York wanaokuza nyuzi za uyoga kiwandani na kuzikata kama vipande vya nyama wanauza kwa jina la bekoni. Yeye anasema Wamarekani wauze wapendavyo. Bibi yangu aliuita uyoga wa moshi, na jina hilo linatosha. Nadhani ana haki, ijapokuwa kichwa cha hotuba hii nimekiandika mimi na nimeshinda kwa leo.

Sasa Mkuu wa Shule ameniruhusu nitangaze. Lile banda la nguruwe lilibaki tupu tangu homa ya nguruwe ilipowamaliza. Kuta zake ni nzima, lina kivuli na sakafu ya saruji. Mwezi uliopita lilisuguliwa mara saba na kupakwa chokaa, na bwana wa Makambako ametoa mabati, misumari na plastiki ya madirisha, kwa sharti kwamba apewe ufunguo mmoja. Klabu ya Kilimo imeanza na mifuko sitini. Majani ya mpunga na magunzi hukatwa vipande vya sentimita tano, hulowekwa usiku mmoja, huchemshwa katika pipa ili kuua vimelea, hupozwa, hupandwa mbegu tabaka kwa tabaka, hufungwa, huwekwa gizani wiki tatu au nne mpaka mfuko uwe mweupe wote. Kisha hupewa mwanga kidogo, hewa, na maji ya kunyunyiza hewani na sakafuni mara mbili au tatu kwa siku. Mfuko mmoja huvunwa mara kadhaa. Mvunaji afunge kitambaa puani, maana vumbi la mbegu za uyoga uliokomaa huleta kikohozi kibaya. Vuneni kabla kingo hazijakunjuka, ndipo unapokuwa mtamu na vumbi ni dogo. Majani yaliyochoka yapelekwe bustanini.

Mbegu za awamu ya kwanza nimezilipia mimi. Za awamu ya pili ni juu ya mauzo yenu, na daftari la mauzo litakaguliwa, kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea kwa bahati mbaya.

Ndugu Mwenyekiti, naona kengele ya chakula inatafutwa. Trei zile zimekaangwa leo alfajiri katika jiko la shule, kwa vikaango viwili vipya ambavyo vitabaki hapa na havitapikia kitu kingine. Aliyevinunua ni yule mzee wa mstari wa tatu, mwenye kofia nyeupe, anayetikisa kichwa kunikataza nisimtaje, kwa hiyo simtaji. Mezani kuna maharage pia. Nimeyakoroga mimi, naye alisimama kando yangu tangu moto ulipowashwa mpaka sufuria ilipoepuliwa.

Karibuni tunawe.